Ile Ulizo Bwana Octave Aliuliza

Beni, Bungulu, tarehe 13 mwezi wa pili 2023

Yaya Mathe,

Nakusalimia mu jina ya Bwana, weye kaka yangu na bibi yako Simone na batoto, na zaidi Mama. Magoti yake inaendelea namna gani? Umuambie ile maharagi alituma na Éliakim wa agence ya magari ilifika yote. Hapa tuko. Mvua imeharibu njia za Bungulu, mais, hata vile, batu hawaache kuvaa nguo. Mimi na Falonne, mwenzangu wa mashini, tumepata kushona uniforme ya batoto ba masomo moja nzima. Juu ya vile yeye pia ni kiziwi kama mimi, kazi inaenda mbio: mikono ikiwa ku mashini, hakuna mwenye kupiga masolo.

Utashangaa kwa nini naandika barua na telefone iko. Message unaweza kufuta. Karatasi inabaki, na hii jambo nataka ibaki.

Juzi, siku ya posho, mwanaume mumoja aliingia mu lupango ya Baba, hapa ku nyumba kwenye tunakaa. Labda alibisha, sijue. Anaitwa Syauswa. Alikuwa na kamba ya kupima, akapima tangu ku muti ya avoka mpaka ku choo, akapita ku dirisha kwenye tunashonea kama vile hatuko. Nilisimama mbele yake. Akatoa karatasi, akaweka kidole ku cachet, ile muhuri ya serikali. Nilisoma. Inasema lupango iliuzwa, na mwenye kukaa ndani, ni kusema mimi, alikubali mbele ya serikali tarehe 9 mwezi wa munane, mwaka jana. Chini kuko jina yangu na sinyature yangu. Ni yangu kweli.

Nakumbuka ile siku. Ulikuja toka Butembo, ukaniambia twende ku bureau ya viwanja, kule ku étage ya juu, kuandikisha lupango sababu Baba alikuwa amekufa. Bwana Octave, ule chef mwenye serikali ilimutuma toka Kwilu, aliinua kichwa, akaniangalia, mudomo yake ikatembea. Mutu wa masharubu ni kazi ngumu kumusoma ku mudomo. Nikageukia weye. Mikono yako ikaniambia: «Anauliza kama ni weye unakaa mule.» Nikaitika na kichwa. Nikasinye.

Yaya, niko na ulizo moja tu. Ile siku, Bwana Octave aliuliza nini?

Mudogo yako,
Virginie


Butembo, tarehe 6 mwezi wa tatu 2023

Mudogo yangu mupenzi Virginie,

Salamu mingi toka kwetu bote. Unisamehe kwa kukawia, nilikuwa Kyavinyonge juma mbili. Tilapia imekuwa kidogo, bavuvi banarudia na mitumbwi mitupu, na sisi bachuuzi tunagombania ile kidogo inabakia. Mama iko, magoti inamusumbua asubui tu. Victoire atapata komunyo ya kwanza kisha Pasaka, anataka kanzu yenye kushonwa na tantine yake. Bipimo ni ku karatasi ingine ndani ya hii bahasha.

Ule Bwana Syauswa, usigombane naye. Ni mutu wa heshima. Nimeongea naye, anaweza kungojea mpaka vakansi kubwa, mwezi wa saba. Nyuma ya nyumba yangu hapa nimeanza kujenga chumba mbili. Moja nimeitia dirisha kubwa upande wa jua, mwangaza inaingia vizuri ya kushonea. Utaona.

Mambo ya bureau ni mambo marefu. Tutaongea siku tutaonana.

Yaya yako,
Mathe


Beni, Bungulu, tarehe 14 mwezi wa tatu 2023

Yaya Mathe,

Tunawasalimia bote. Kanzu ya Victoire nitaishona, kitambaa nimeshakata.

Umenijibu juu ya samaki, juu ya magoti ya Mama, juu ya dirisha. Ulizo yangu uliipita kando. Na sikukuomba chumba.

Nilienda ku bureau peke yangu. Nikuambie namna inakuwa, juu weye hukuona siku moja inakuwa namna gani bila weye. Kwa chini ku ngazi unakuta Luc, ule wa tricycle juu miguu yake haitembee, président wa association yetu ya batu benye handicap. Yeye anabakia palepale ku udongo, anapatia karatasi zake mutu yeyote mwenye kupanda. Mwaka jana balimurudishia karatasi ya attestation yenye jina ya mutu mwingine. Ku juu, banaita majina na sauti. Nilifika saa mbili nikiwa wa ine. Ilipofika saa saba, batu balikuwa bamekwisha. Nikaenda ku dirisha ya guichet, mwanamuke wa kule akanionyesha kaye ya kuandikia majina: jina yangu ilikuwa na alama tatu. Balikuwa baliniita mara tatu, «hakuitika», na baliandika vile.

Niliandika ku karatasi: nataka kuona document ya tarehe 9. Balinitolea kopi. Nakuandikia vile iko: «Mwenye kukaa ndani, mulemavu wa masikio, aliulizwa kama anakubali lupango iuzwe na kama atatoka kwa mapenzi yake. Kupitia yaya yake, alijibu ndiyo.»

Niliisoma nikisimama. Kisha nikakaa ku benchi yao.

Nilitaka kuweka plainte, ni kusema kushitaki. Ule mwanamuke akaandika: «Kiziwi hawezi kuweka plainte peke yake. Akuje na mutu wa familia wa kumusemea.» Mutu wa familia mwenye kujua luga ya mikono ni mumoja tu. Ni weye.

Donc nakuandikia tena, na sasa ni ile ile ulizo. Karatasi yao imeshasema. Nangoja yako.

Virginie


Butembo, tarehe 22 mwezi wa ine 2023

Virginie,

Barua yako nilipata zamani, sitakudanganya. Nilikuwa naishika, naiweka. Batoto bako muzima. Komunyo ilipita vizuri, kanzu ilimupendeza Victoire mpaka padiri aliuliza nani alishona. Mama anakusalimia, anasema anakuombea.

Uniache nikuambie kitu. Weye ulikuwa na miaka sita wakati ile méningite ilikutwaa masikio. Mimi nilikuwa na kumi. Mbele ya masomo ya bakiziwi, mbele ya walimu na bitabu, nani alikuonyesha namna ya kusema maji, njaa, mbwa, Mama anaita? Ni mimi nilibuni ile yote na hii mikono. Ku masoko, ku centre de santé, ku paroisse, siku zote nilikusemea, na hukuwa na lawama.

Sasa weye uko Beni. Kila mara banatuambia habari ya kule, mimi nafikiri kitu kimoja: risasi inalia na mudogo yangu anashona. Batu banakimbia nyuma ya mugongo yake na yeye anapima kitambaa. Unajua ni mara ngapi niliona ile picha? Nilikuomba mara tatu uhamie Butembo. Mara tatu ulikataa. Mukubwa wa familia afanye nini, angoje tu bamupigie telefone kumuambia umekufa?

Chumba iko tayari, imebakia plafond ya juu. Lupango ya Baba ni udongo. Weye ni damu yangu.

Tafazali, mambo ya familia usiipeleke mbele ya serikali. Mama pia anasema vile.

Mathe


Beni, Bungulu, tarehe 28 mwezi wa ine 2023

Yaya,

Nafurahi juu ya Victoire.

Ile kuogopa yako naiamini. Mimi pia naogopa, nani haogope Beni? Mais hukuniuliza ginsi naishi. Balimugari, ule jirani wa muke wa kushoto, anapiga ukuta na jiwe risasi ikianza, na mimi naisikia mu kitanda, mu mifupa. Falonne amefunga kamba toka ku mulango mpaka ku mukono yake. Mwaka wa 2021 tulikimbia mara mbili, na mara zote mbili tulifika ku paroisse mbele ya batu ba masikio muzuri. Ungeniuliza, ningekuambia. Mikono unayo.

Unasema Mama anasema vile. Nilifikiri juu ya hiyo siku mbili. Mama hajue kusoma. Barua zangu, ni nani anamusomea? Ni weye. Na zake, ni nani anaandika? Sijue tena kama nilishaongea na Mama hata siku moja tangu niko Beni.

Kwa hiyo leo Éliakim amebeba barua mbili. Hii ni yako. Ile ingine ni ya Mama, na nimemuambia Éliakim aipatie katekista Jacob mu mikono yake, aisome mbele ya Mama na mulango wazi.

Habari ingine. Luc na association yake baliandikia Bwana Octave barua, na ndani balitia ile sheria ya 2022 ya batu benye kuishi na handicap. Amekubali kusikiliza plainte yangu tarehe 8 mwezi wa sita. Nilimuomba bitu mbili: kikao ifanyike chini ku baraza, juu Luc apate kuingia, na mutafsiri akuwe mutu mwenye hana faida ndani. Mwalimu Mélanie wa masomo ya bakiziwi ya Butembo amekubali kuja.

Donc sitakuhitaji. Nilitaka ujue.

Virginie


Butembo, tarehe 20 mwezi wa tano 2023

Virginie,

Jacob alisoma. Jirani bote balisikia, juu ya ule mulango wako wazi. Tangu ile siku Mama anakula mu jikoni na batoto, na nikiingia ananipatia mugongo.

Nilikubeba ku mugongo toka Alimbongo mpaka ku lupitali ukiwa na homa. Sasa unaniweka mbele ya ule Mukwilu na kila mupita njia kama mwizi.

Tarehe 8 usinihesabu.

Mathe


Beni, Bungulu, tarehe 11 mwezi wa sita 2023

Yaya Mathe,

Nakusalimia. Uliondoka mbio, hatukuweza hata kukupatia maji. Natumaini ulifika Butembo vizuri na hii ville morte, muji yote kufungwa, na Mama iko na nguvu.

Kuko bitu haukuona ile siku, na unapashwa kubijua.

Tangu saa moja mimi na Falonne tulikuwa ku baraza. Luc aliingia na tricycle yake mpaka ku meza, alikuwa anaangalia ngazi na kucheka. Syauswa alikuja na koti. Saa tatu, Mélanie akanitumia message: Butembo imefungwa, vijana bamechoma mapira mu barabara, hakuna gari yenye kutoka. Nilionyesha Bwana Octave. Akaandika: «Basi tunasukuma mpaka mwezi wa tisa.» Syauswa akaitika na kichwa mbio mbio, na mimi nikaelewa. Mpaka mwezi wa tisa yeye angekuwa ameshavunja nyumba.

Njo pale Falonne alinivuta mukono. Ulikuwa unasimama ku mulango ya portail, na viatu ya matope. Sikujua ulipita wapi na barabara yenye kufungwa. Sikujua pia ulikujia nani.

Uliniambia na mikono: «Nitakusemea.» Yaya, nilitaka kukufukuza. Falonne alitikisa kichwa: hapana, hapana, hapana. Mais sikuwa na mutu mwingine, na weye ulijua.

Sasa sikia kitu haukujua. Jana yake, mangaribi, nilikuwa nimemupelekea Bwana Octave kurasa ine. Nilikuwa nimeandika yote nitasema, neno kwa neno, ulizo na jibu. Niliogopa hata Mélanie, ndiyo, hata yeye. Nilikuwa nimemuomba afuatishe mistari na kalamu ya bic wakati mutafsiri anaongea. Zile kurasa zilikuwa mbele yake, chini ya kaye. Ile bic uliona ikitembea, haikuwa inaandika. Ilikuwa inakufuata.

Nilianza pole pole. Jina yangu, miaka yangu, kazi yangu. Bic ikatembea. Kifo ya Baba. Ikatembea. Kisha nikasema ile: «Tarehe 9, yaya yangu alibadilisha ulizo. Aliniuliza ingine. Nilijibu ile yake, na muliandika kama nilijibu yenu.»

Mudomo yako ikasimama. Mimi naisoma hiyo mudomo tangu miaka makumi mbili na tano. Uliangalia Syauswa, ukaangalia chini. Bic pia ikasimama, na Bwana Octave akangoja. Nikawaza: akisema kitu kingine sasa, nitajua, na chef atajua, na sitakuwa na kaka tena.

Nikarudilia, mikono juu kidogo.

Ukageukia Bwana Octave, mudomo yako sikuiona tena, ukaongea. Uliongea murefu kupita vile nilisema, hiyo niliona, na batu balianza kugeuka. Bic haikutembea tena, Bwana Octave aliitula ku meza. Kisha ukatoka, na sikuelewa.

Bwana Octave aliniandikia mwenyewe: ile makubaliano imefutwa. Nilimuuliza ku karatasi: alisema nini mu ile ya murefu? Akaandika: «Umuulize yeye.»

Basi nakuuliza.

Virginie


Butembo, tarehe 2 mwezi wa saba 2023

Virginie mudogo yangu,

Nakusalimia. Hii barua Jacob ameisomea Mama mbele nitume. Ni Mama alitaka vile, na ni haki yake.

Sikujua habari ya zile kurasa. Mara ya kwanza nilikasirika, kisha nikasema: angefanya nini ingine?

Nikuambie bitu mikono haikukuonyesha. Nilipokusemea, nilisema vile mutafsiri anapashwa kusema: «Mimi ni Virginie, mimi ni mushonaji.» Batu balielewa. Mais ulipofika pale, nilisema: «Yaya yangu alibadilisha ulizo», na mwanamuke mumoja nyuma akacheka, akasema, «Huyu baba anaongea nini?» Bwana Octave akaniambia: «Sema muzuri. Nani alibadilisha ulizo ya nani?»

Ningeweza kusema tu: «Ni maneno yake, mimi natafsiri.» Ingekuwa kweli, na ningetoka pale musafi.

Nikasema: «Sasa Virginie haongee. Anaongea Mathe, mwana mukubwa.» Nikasema ulizo ilikuwa nini: «Dada, unakubali lupango iuzwe, na utatoka kwa mapenzi yako?» Nikasema nilikutafsiria ingine, kwa kujua. Na kuko kitu haiko ku karatasi yao, ata weye hukuona, juu ulikuwa umeinama kusinye. Ile siku Bwana Octave aliniuliza mara ya pili. Alisema: «Yaya, una hakika ameelewa?» Nikamujibu: «Chef, mimi njo masikio yake.» Hiyo pia niliisema ku baraza. Bwana Octave akafunika macho na mukono, akasema mbele ya bote: «Na mimi niliona inatosha.»

Syauswa akasimama, akasema: «Kama ningejua huyu dada iko na akili vile, ningemuuliza mwenyewe.» Njo pale nilitoka. Aibu yako nilishazoea kuibeba. Ile ilikuwa yangu, na sikuweza kuibeba mbele yako.

Unauliza nilikujia nani. Nilikuja kukuzuia. Nilikuwa nimelala kwa rafiki Beni, na maneno yangu tayari: nitasema weye ni mugonjwa, tusukume. Nilipokuona unasimama ku ile meza na Falonne, bila mutafsiri, sikupata tena mwanzo ya ile maneno. Siwezi kukueleza muzuri kupita pale.

Mama hakujua. Nilimuambia uliuza kwa mapenzi yako na utakuja kuishi naye. Alikuwa ameanza kukupangia kitanda. Jacob aliposoma barua yako, Mama alimuuliza swali moja tu: «Na ile zote alinisomea, zilikuwa kweli?» Siyo zote. Nilizoea kuondoa maneno ya uchungu. Nilifikiri ni kumuchunga.

Ku nafasi ya feza zake, Syauswa anakamata zile chumba mbili na kile kiwanja kidogo chini yake, tumepatana mbele ya Jacob. Dirisha ni yake sasa.

Siombe kitu.

Mathe


Beni, Bungulu, tarehe 16 mwezi wa saba 2023

Yaya Mathe,

Salamu kwa Mama wa kwanza, kisha kwenu bote. Jacob, kama ni weye unasoma, aksanti, na usiruke hata mustari moja.

Yaya, nilisoma barua yako, kisha Falonne akaisoma. Alirudia ku mashini. Sijakusamehe bado. Ile mara ya pili ya Bwana Octave inaniuma kupita ya kwanza, juu mutu alikufungulia mulango ya kutoka na ukaifunga. Siku nitakusamehe nitakuambia mwenyewe.

Ku bureau bamefanya kitu. Balitundika tangazo: «Bakiziwi wakuje siku ya ine ya juma, kila mutu na mutu wake wa familia.» Nilienda na Falonne, nikaweka kidole pa «mutu wa familia», nikaangalia Bwana Octave mpaka akatwaa bic na kufuta ile maneno. Akaandika juu yake: «ulizo yote itaandikwa, mwenyewe atajibu na mukono yake.» Majina sasa inaandikwa ku ubao mweusi. Mélanie atakuja mara moja ku mwezi, kama barabara inakubali. Ngazi iko vile ilikuwa. Ku siku ya ine banashusha meza, siku zingine Luc anabakia chini ku jua, na ameanza kuandika barua ingine, ya ukali.

Mama anataka kuja ku sikukuu ya mwezi wa munane. Magoti yake haiwezi peke yake mu gari. Umulete.

Mais tupatane mbele. Ku bureau, ku lupitali, ku soko, hautanisemea tena. Utakaa mu lupango kama mugeni wa Mama. Na kuko kitu niliona ku baraza, sikutaka kukiandika mara ya kwanza: mikono yako imekuwa na kigugumizi. Ishara ingine ya mikono ulitumia ni ile ya utoto wetu, ile ya maji na mbwa, na batu bakubwa hawawezi kugombana vizuri na ile. Mimi nataka kugombana na weye vizuri. Falonne atakuonyesha, hana huruma.

Mukuwe hapa mbele ya saa sita, kutakuwa bugali na majani ya sombe.

Virginie